Friji la Chumba cha Kumi na Nne

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla hata hajanawa uso, Sindano alikaa ukingoni mwa kitanda cha hoteli, akauvuta mkanda wa kitambaa uliokuwa kiunoni mwake, akaanza kuufumua mfuko wa tatu.

Ndiyo, kuufumua. Mwanamke huyu ni mshonaji, na hilo jina la Sindano kapewa mtaani, nusu kwa kazi yake na nusu kwa ulimi wake. Kabla ya safari alishona mkanda wenye mifuko sita, kila siku na mfuko wake, akatia hela, kisha akaishona midomo yote kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo hadi huoni pa kupitishia ukucha. Siku moja, mfuko mmoja. Elfu thelathini kwa watu watatu: chakula cha mchana, cha jioni, maji ya kunywa, basi. Mfuko wa tano tu ndio ulikuwa na elfu sitini, na uzi wake ulikuwa wa kijani.

"Huo wa kijani usiuguse," alimwambia mumewe siku waliyofika.

"Nimeugusa lini?"

"Unauangalia."

"Mke wangu, uko kiunoni kwako. Sasa nikuangalie wapi?"

Wa kijani ulikuwa wa Bibi. Kwanza safari yenyewe ilikuwa ya Bibi. Huyu ni mama mzazi wa huyo mume, Fundi, na ameuza nyanya miaka thelathini. Ndiye aliyetuma namba iliyoandikwa ndani ya pakiti ya sabuni ya unga na, hajui hata imekuwaje, akashinda. Siku sita kisiwani, watu watatu. Meli, chumba na chai ya asubuhi vimelipwa. Mengine yote mtajijua. Watu wa sabuni walipompigia simu kumuuliza anatamani nini huko, Bibi hakufikiri mara mbili. Kuna boti yenye sakafu ya kioo, kaiona kwenye kalenda ya dukani, unakaa kitako na samaki wanapita chini ya miguu yako. Anataka hiyo. Boti inaondoka mara moja kwa wiki, na wiki hii ni siku ya tano. Elfu ishirini kwa kichwa, na chakula cha siku hiyo kitatoka kwenye chai ya asubuhi.

Miaka yote hiyo Bibi hajawahi kumwomba mtu kitu isipokuwa chenji. Ndiyo maana Sindano alitafuta uzi wa rangi nyingine.

Kwenye chai ya asubuhi walikula kama watu wanaojua mchana ni wa kulipia. Bibi alikunja mayai mawili ya kuchemsha ndani ya leso, akayaweka kwenye mkoba, kisha mkate, kisha akaanza kuiangalia sahani ya jibini.

"Mama, jibini litanuka," Sindano alinong'ona.

"Linuke. Jana soda ya pale ufukweni nimeambiwa elfu nane. Elfu nane, mkwe. Hiyo ni ndoo nzima ya nyanya, na mwenye ndoo bado unampa shikamoo."

Jibini nalo likaingia kwenye mkoba.

*

Wanawake wakaenda ufukweni. Fundi alisema atawafuata, anajinyoosha kidogo.

Sasa huyu bwana ni fundi wa mafriji. Siyo fundi wa kubahatisha, ni fundi hasa, yule ambaye akiingia nyumbani kwako kama mgeni, kabla hajakaa, tayari anajua friji lako lina miaka mingapi na lini litakufa. Na ndani ya chumba kile, chini ya televisheni, kulikuwa na friji dogo lililojaa vinywaji. Sindano alishatangaza siku ya kwanza kwamba humo hakuna kunywa hata maji, kila kitu ni hela, na Fundi aliheshimu. Hakugusa. Lakini friji lenyewe lilikuwa linakoroma.

Usiku wa kwanza alilisikiliza. Usiku wa pili alilisikiliza. Mkewe alilala, mama yake alilala, yeye akabaki macho anasikiliza lile koromo kama daktari anayesikiliza kikohozi cha jirani kupitia ukutani. Kwa hiyo asubuhi hii, alipobaki peke yake, alivumilia dakika kama nne.

Akapiga magoti. Akafungua mlango. Huwezi kulivuta friji likiwa limejaa, chupa zitagongana, kwa hiyo akatoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kitandani kwa adabu: soda sita, maji manne, juisi nne, pakiti nne za karanga, chokoleti moja. Akalivuta, akalikagua nyuma, akagonga hapa, akashika pale. Kumbe tatizo ni mguu. Mguu mmoja mfupi, friji limeinama, linagusa ukuta na kutetemeka nao. Akakunja kile kikaratasi cha kuelekeza wageni pa kutokea moto ukitokea, akakipachika chini ya mguu. Kimya. Yaani kimya kile ambacho ukikipata baada ya siku mbili unataka kulia.

Akavirudisha vitu vyote mahali pake, kila chupa ikitazama mbele, akajipongeza, akatoka anapiga mluzi.

*

Walirudi alasiri, mchanga hadi masikioni. Mchana walikula kwa elfu kumi na tano, zimebaki elfu kumi na tano za jioni, na Sindano alikuwa kwenye raha ile ya mtu ambaye hesabu yake inatii. Akaweka kadi mlangoni. Taa nyekundu. Akaigeuza. Nyekundu.

"Ipanguse," Fundi alisema.

Akaipangusa kwenye kanga. Nyekundu.

"Lete mimi."

"Kwani una mkono wa dhahabu?"

Wakashuka mapokezi. Kulikuwa na foleni ya wageni wapya wenye masanduku ya magurudumu, na nyuma ya meza binti mwenye tabasamu lililopigwa pasi.

"Chumba cha kumi na nne," alisema baada ya kutazama kompyuta. "Kuna deni kidogo, ndiyo maana mlango umejifunga. Likizidi elfu hamsini linalipwa siku hiyohiyo. Elfu tisini na sita."

Sindano alicheka. Alicheka kweli, kwa sababu alidhani ni chumba cha watu wengine.

"Dada, sisi hatujanunua hata njiti ya meno."

"Friji la chumbani. Soda sita, maji manne, juisi nne, karanga nne, chokoleti moja. Saa nne na dakika ishirini asubuhi."

"Saa nne? Saa nne sisi tulikuwa..." Sindano akasita. Akageuka polepole. Bibi naye akageuka. Fundi alikuwa anasoma bango la namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea majini.

"Baba," Sindano alisema kwa sauti ya chini sana. "Umekunywa soda sita?"

"Sijanywa hata moja. Vyote vimo. Nilivitoa tu, nikavirudisha."

"Ulivitoa ili iweje?"

"Lilikuwa linakoroma."

Binti wa mapokezi alieleza vizuri tu, inaonekana si mara ya kwanza. Friji lina macho. Kila chupa imekaa kwenye jicho lake, ikinyanyuliwa zaidi ya nusu dakika mtambo unaandika imeuzwa. Kuirudisha hakusaidii, kwa sababu wapo wageni wanaokunywa maji ya hoteli kisha wanarudisha chupa yenye maji ya bomba.

"Lakini mimi nimelitengeneza," Fundi alisema. "Dada yangu, nimewatengenezea friji. Mguu ulikuwa mfupi. Nenda kalisikilize sasa hivi, utadhani limezimwa."

"Tuna mafundi wenye mkataba, kaka."

"Basi mafundi wenu wana usingizi mzito."

Mwanamume mmoja kwenye foleni alicheka puani. Binti akasema kufuta hawezi yeye, anafuta meneja, na meneja amevuka kwenda ng'ambo hadi kesho mchana. Mpaka hapo mlango utabaki umefungwa. Ndani kulikuwa na nguo zao, chaja za simu na dawa za presha za Bibi.

Hapo ndipo Sindano alipofanya kitu ambacho mimi hata kukiandika naona aibu kwa niaba yake. Alitoa sindano kwenye kola ya blauzi, akaipandisha kidogo, na mbele ya wale watu wote na masanduku yao akaanza kufumua. Kwanza akaweka mezani zile elfu kumi na tano. Akafumua mfuko wa nne. Akauruka wa tano, akafumua wa sita. Watu wakaanza kuhama foleni. Akahesabu: elfu sabini na tano.

Akasimama na sindano mkononi.

"Fumua tu, mwanangu," Bibi alisema.

"Mama, huu ni..."

"Najua ni upi. Nina miguu hii, siwezi kulala nje. Fumua."

Uzi wa kijani ulikuwa umeshonwa mara mbili, ukachelewa kuliko yote. Binti wa mapokezi akapokea elfu ishirini na moja za mwisho kwa mikono miwili na kuomba samahani, na ile samahani ndiyo iliyouma zaidi.

Zilibaki elfu thelathini na tisa, watu watatu, jioni moja na siku tatu.

"Binti," Bibi akasema walipokuwa wanaondoka. "Tumelipa, sivyo?"

"Mmelipa, bibi."

"Kwa hiyo vile vitu ni vyetu."

"Ndiyo, ni vyenu kabisa."

"Na ile barafu ya kwenye ndoo naona watu wanabeba, ni bei gani?"

"Barafu ni bure, bibi."

"Haya," Bibi alisema, akatangulia chumbani.

*

Jioni walikula mayai, mkate na lile jibini. Fundi alikalia sakafu, kitandani aliona hastahili.

"Mama, nitakurudishia. Tukifika nyumbani kuna mwenye bucha nimemtengenezea friji, hajanilipa..."

"Boti iko huko nyumbani?" Sindano aliuliza.

"Naongelea hela."

"Na mimi naongelea boti. Mama anaongelea boti. Wewe peke yako ndiye unayeongelea mguu wa friji."

"Hata hamjanishukuru kwa huo ukimya wa friji."

Sindano alimkazia macho. Kisha midomo ikamsaliti, akageukia ukuta ili asionekane anacheka, kwa sababu alikuwa bado na hasira na alitaka iheshimike.

Bibi hakuwa upande wa mtu. Alikuwa amefungua friji na kuhesabu chupa kwa kidole. Aliuliza maswali mawili tu: soda ile pale ufukweni ni elfu nane, hii tumeilipia ngapi? Tano, alijibiwa. Na maji? Pale elfu saba, haya elfu nne.

"Mama, hapana," alisema Sindano, aliyeelewa wa kwanza. "Mama, umekuja kupumzika."

"Nimepumzika siku tatu. Kiuno kinaniuma."

*

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, chini ya mwavuli wa makuti kulikuwa na biashara. Bibi alikaa kwenye kiti cha kulalia cha hoteli, lakini kwa namna ya kukaa sokoni, miguu imetanuka na ndoo katikati. Barafu juu, chupa zimechungulia shingo. Fundi alipewa kazi ya kufuata barafu. Sindano alisimama nyuma ya mnazi, anaona haya hadi vidole vya miguu vimejikunja.

"Njoo, mama mrefu," Bibi alimwita mgeni mmoja mwenye kofia kubwa. "Njoo usimulie wenzako. Kule elfu nane, hapa sita. Baridi ni ileile, hata chupa ni ileile. Hii ni ya chumbani kwangu."

"Ya chumbani kwako?"

"Kaa nikueleze. Unamwona yule mwenye ndoo? Yule nimemzaa mwenyewe."

Akaeleza. Akaeleza koromo, mguu mfupi, kikaratasi, macho ya friji, hadi mkwe wake kufumua mkanda mbele za watu. Yaani Bibi anaposimulia, hata aliyekuja kununua maji anasahau kiu. Kufikia saa tano watu walikuwa wamemzunguka wanashika mbavu, na Fundi anapita katikati yao na barafu wanamsalimia: "Fundi, kwangu nako linakoroma." Alikubali kila utani. Alibeba ndoo tu.

Mama mrefu peke yake ndiye aliyeacha kucheka.

"Ngoja," alisema. "Mimi nilitoa yale maji nikaweka dawa ya mtoto mahali pake. Nao waliniandikia maji manne. Nilijua ni mume wangu kayanywa. Nilimnunia siku mbili."

"Na sisi tuna juisi hatuijui," alisema mwingine.

Wakaanza kutoa simu, kutafuta bili zao. Hapo mlinzi akafika.

"Bibi, hapa hairuhusiwi kuuza."

"Nani anauza? Hivi nimenunua jana, risiti hii hapa. Wageni wenzangu wana kiu, nawagawia. Nao wana adabu, wanashukuru."

"Wanashukuru kwa hela."

"Wewe ulitaka washukuru kwa nini, mjukuu wangu? Chukua karanga."

Mlinzi aliziangalia karanga, akaangalia kule hotelini, akaondoka. Aliporudi alikuwa na meneja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshuka melini. Meneja alikuja ameandaa maneno. Kisha akawaona wale watu wote na bili zao, akayameza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Soda?"

Hapo Sindano alitoka nyuma ya mnazi. Hajui nini kilimsukuma. Alikuja akasimama pembeni ya ndoo, mkanda mtupu kiunoni, akasema, "Mheshimiwa, mkwe wangu ana miaka thelathini sokoni. Mimi nakushauri mmalizane haraka, kabla jua halijamchangamsha."

Walimalizana. Meneja alitaka vitu virudi na yaishe; Bibi akataka ajue virudi kwa bei gani. Meneja akasema ataifuta bili ya vilivyobaki na kurudisha hela yake. Bibi akavitoa kwenye barafu kimoja kimoja: soda mbili, maji moja, juisi nne, karanga pakiti mbili. Sindano alihesabu kabla meneja hajafungua kikokotoo cha simu: elfu arobaini na nane. Chokoleti ilikuwa imeyeyuka kabisa na meneja alikataa kuipokea, kwa hiyo wakailamba wao watatu palepale, wamesimama, na meneja anahesabu noti.

Na zile zilizouzwa? Zilileta elfu hamsini na moja.

"Tisini na tisa," Sindano alisema. "Tulilipa tisini na sita."

"Faida elfu tatu," Bibi alisema. "Soko la hapa baya."

Mama mrefu na wenzake walibaki na meneja. Hiyo ilikuwa kesi yao.

*

Siku ya tano walipanda boti.

Walikuwa kumi na wawili, wamekaa kwenye benchi pande mbili, na katikati sakafu ya kioo, kubwa kama meza ya kulia. Injini ilipowaka Fundi aliinamisha kichwa upande, akakunja uso kidogo.

"Kaa," mkewe alimwambia.

"Nasikiliza tu."

"Usisikilize."

Nahodha alikwenda mbali kidogo na ufuko, akapunguza mwendo. Kwanza kioo kilionyesha mchanga tu, na watu wakaanza kupiga picha za miguu yao. Kisha miamba ikaja, na juu ya miamba samaki. Wa njano waliobanana kama watoto wanaotoka shule. Wa buluu, mmoja mmoja, wenye maringo. Mmoja bapa, mwenye mistari, alisimama chini kabisa ya viatu vya Bibi na kumwangalia.

Bibi aliinama, mikono magotini. Sindano alimwangalia, akaogopa, kwa sababu tangu aolewe hajawahi kumsikia mama mkwe wake akinyamaza kiasi hicho.

"Mama? Kizunguzungu?"

Bibi alitikisa kichwa. Akamwita nahodha kwa kidole, kama anavyomwita mtu wa kupakua matenga.

"Baba, hawa mnawauzaje?"

Nahodha alicheka kwa adabu. "Hawa hawauzwi, bibi."

"Hata wale wakubwa?"

"Hakuna anayeuzwa hapa. Hata kuwavua haturuhusu. Ni wa kutazama tu."

Bibi alilifikiria hilo. Boti ilikuwa inayumba polepole, na mwanga wa majini ulikuwa unampanda mashavuni na kushuka.

"Wa kutazama tu," alisema.

Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya benchi, akaweka nyayo zake mbili juu ya kioo, na kutazama.